Kupima umri wa mwamba kwa zirkoni: makosa mengi hufanyika kabla mashine haijawashwa

Anayepeleka mwamba kupimwa umri kwa mara ya kwanza huwa anaiogopa mashine. Anasoma habari za leza na spektromita ya masi (mashine inayotenganisha atomi kwa uzito wake) hadi usiku wa manane, kisha anakwenda uwandani na nyundo na mfuko mmoja mdogo. Waliozoea kazi hii hofu yao iko kwingine. Mashine ina fundi wake na ina sampuli za kuijaribia, na ikikosea hujulikana siku hiyohiyo. Kinachouma ni makosa ya mwanzo, ya kwenye mwamba wenyewe, kwenye kinu na chini ya hadubini, kwa sababu hayo hayana dalili. Yanakupa namba safi, yenye kosa dogo la kipimo, na namba hiyo ni ya uongo.

Yanayofuata ni safari ya sampuli moja kutoka kwenye jiwe hadi kwenye umri, kwa njia ya urani na risasi ndani ya zirkoni, madini magumu yenye punje ndogondogo. Ndiyo njia inayotumika zaidi kwa miamba ya kale, na ndiyo inayowagharimu wanaoanza kuliko nyingine.

Kwanza swali

Mwamba mmoja unaweza kuwa na umri zaidi ya mmoja. Kuna wakati magma ilipoganda, kuna wakati mwamba ulipopikwa upya ukawa mwamba geu, na kuna wakati ulipopanda juu ukapoa. Zirkoni hushikilia risasi yake hata joto likizidi nyuzi 900 za Selsiasi, kwa hiyo kwa kawaida husimulia kuganda kwa magma. Maika nyeusi ikipimwa kwa argoni (gesi inayozaliwa na potasiamu inapooza) huanza kuhesabu joto likishuka hadi nyuzi 300 hivi, kwa hiyo husimulia kupoa. Graniti moja ikitoa umri mbili zilizopishana miaka milioni 40 kwa njia hizo mbili, huenda hakuna hata moja iliyokosea. Aliyekosea ni mpimaji ambaye hakujua anauliza nini.

Na kwa kuwa watu hawaishi kuuliza kuhusu kaboni 14: haipimi mwamba. Nusu ya kaboni hiyo hupotea kila baada ya miaka 5,730, na baada ya miaka kama 50,000 kilichobaki hakitoshi kupimika. Tena hupima kitu kilichowahi kuwa hai. Graniti haikuwahi.

Zirkoni imependwa kwa sababu moja ya kikemia. Fuwele yake inapokua huikaribisha urani na kuikataa risasi, hivyo karibu risasi yote utakayoikuta ndani yake ilizaliwa humohumo kutokana na urani iliyooza. Tena kuna saa mbili ndani ya punje moja. Urani 238 hugeuka risasi 206, na nusu yake huisha kwa miaka bilioni 4.468. Urani 235 hugeuka risasi 207, na nusu yake huisha kwa miaka milioni 704. Saa mbili zikisoma wakati mmoja, una sababu ya kuamini. Zikipishana, kuna jambo limetokea katikati.

Ugumu wa punje hizi una upande wake mbaya: hazifi. Zirkoni za Jack Hills huko Australia zina hadi miaka bilioni 4.4, ilhali mwamba tabaka uliozibeba ni mdogo kwao kwa zaidi ya miaka bilioni moja. Punje zilitoka kwenye mwamba mwingine uliokwisha kulika na kupotea. Ukiwa na graniti yako mkononi, jua kwamba nayo inaweza kuwa imebeba punje za wazee wake.

Uwandani

Graniti ya kawaida inatosha kwa kilo 3 hadi 5. Hesabu yake ni rahisi: mwamba wenye zirkoniamu (elementi inayojenga zirkoni) sehemu 200 kwa milioni, kama yote imo ndani ya zirkoni, una gramu 0.4 za zirkoni kwa kila kilo. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Sehemu kubwa itapotea katika kusaga na kuosha, na nyingine itakuwa punje ndogo mno. Lakini punje moja yenye urefu wa mikromita 100 na unene wa 50 ina uzito wa mikrogramu moja hivi, kwa hiyo hata ukipoteza asilimia 95 utabaki na punje za kutosha.

Basalti ni habari nyingine. Mara nyingi haina zirkoni kabisa, na watu hubeba kilo 20, wakasaga kutwa, wakakuta chini ya hadubini hakuna kitu. Kama eneo lako ni la miamba myeusi, tafuta zile sehemu zenye fuwele kubwakubwa, palipojikusanya magma ya mwisho, maana zirkoniamu hukusanyika humo. Kama hazipo, badili njia, usibadili matumaini. Lava changa huendea argoni.

Vunja hadi upate uso mpya usio na kutu wala rangi ya udongo. Kata sehemu zenye mishipa myeupe iliyopenya baadaye, na zenye mabonge ya mwamba mwingine uliomezwa na magma. Vyote viwili vina zirkoni za umri tofauti. Chukua kipande kimoja cha ukubwa wa ngumi ambacho hakitapondwa kamwe. Hicho ndicho kitakatwa kipande chembamba cha kutazamwa kwa hadubini, na ndicho utakachokirudia siku namba zitakapokushangaza.

Andika kwenye daftari nani amemkata nani. Mshipa uliopasua graniti ni mdogo kuliko graniti hiyo, na hakuna maabara duniani inayoweza kulibatilisha hilo. Maandishi ya aina hii, yanayochukua dakika tano, yameokoa matokeo mengi kuliko programu yoyote ya kompyuta. Andika pia mfumo wa ramani uliotumia kwenye GPS pamoja na namba zake, kwa sababu mfumo ukisahaulika sampuli huweza kuhama mamia ya mita. Lebo ziwe mbili, moja ya wino juu ya mfuko na nyingine ya karatasi ndani ya kifuko kilichofungwa. Wino wa juu husuguliwa na mawe yenyewe njiani ukafutika. Na kabla ya kusafirisha mawe nje ya nchi uliza kuhusu kibali. Nchi nyingi hukitaka, na mzigo uliokwama bandarini hauna wa kumlaumu ila mwenyewe.

Kwenye kinu

Hapa ndipo penye hatari kuliko pote, na ndipo wanafunzi hupafanya haraka kwa sababu kazi yenyewe ni chafu, ina kelele na haionekani kuwa ya kisomi.

Gawanya sampuli kabla ya kuponda. Sehemu ya kupimwa kemia ya mwamba mzima iende njia yake, kwa kuwa inasagwa hadi unga laini na kila kinu huacha alama yake. Kinu cha kabidi ya tangsteni huongeza tangsteni na kobalti, na mara nyingi tantali. Cha chuma cha kromu huongeza kromu na chuma. Cha akiki ni safi lakini huchukua muda mrefu. Ukipanga kutumia tantali au kobalti kwenye grafu zako, kinu cha tangsteni kimekwisha kukuharibia. Na usiridhike na unga ulioyeyushwa kwa asidi kwenye sahani ya moto tu. Zirkoni haiyeyuki hivyo, zirkoniamu na hafni hutoka pungufu, na mtu huanza kutunga maelezo ya magma kueleza kile ambacho ni mabaki yaliyolala chini ya chombo. Dai unga uyeyushwe kwa borati ya lithiamu, au asidi itumike ndani ya chombo cha shinikizo.

Sehemu ya zirkoni huanzia kwenye mashine ya taya, kisha kinu cha sahani, kisha chekecheke. Usisage yote mara moja. Weka nafasi kubwa kati ya sahani, chekecha, kisha rudisha kilichobaki juu na upunguze nafasi kidogokidogo. Anayebana sahani tangu mwanzo huvunja punje na kupata vipande visivyoonyesha kokwa (sehemu ya katikati iliyokua kwanza) wala ganda (sehemu iliyoongezeka juu yake). Zirkoni nyingi za graniti zina mikromita 50 hadi 300, hivyo kinachopita tundu la mikromita 350 kinatosha.

Sasa usafi. Punje moja ya sampuli ya jana iliyojificha kwenye ufa wa taya inatosha kukuzushia tukio la kijiolojia ambalo halikutokea. Taya na sahani zifunguliwe, zisuguliwe kwa brashi ya waya, zipulizwe kwa hewa ya shinikizo, zifutwe kwa ethanoli, kisha isagwe kwazi (quartz) safi na kutupwa. Baada ya hapo saga gramu 200 za sampuli yako mwenyewe na uzitupe pia. Chekecheke za waya zina maskani mazuri ya punje kwenye matundu yake. Kitambaa cha nailoni kinachotumika mara moja na kutupwa ni bora. Kusafisha huchukua muda mrefu kuliko kuponda, na ratiba inayosahau hilo haitimii. Ukiwa na sampuli kadhaa, tangulia na zile unazotarajia kuwa na zirkoni chache, na ufanye ya mchanga mwisho, maana mchanga una punje za kila umri na ukichafua utachafua kwa kila umri.

Vumbi la kwazi huua mapafu polepole. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Vaa ya kichujio cha vumbi laini na uwashe mfumo wa kunyonya hewa hata kama unaponda dakika kumi tu.

Uchafu huu wa maabara ndio uliomfikisha Clair Patterson alikofika. Akifanya kazi na zirkoni pamoja na George Tilton, alikuta risasi yake ikizidi kila mara kiwango kilichotarajiwa, na chanzo chake kilikuwa hewa, vyombo na watu. Alijenga chumba safi, na mwaka 1956 akachapisha umri wa Dunia, miaka bilioni 4.55, kwa kutumia vimondo. Baadaye alifuatilia uchafu uleule hadi kwenye petroli yenye risasi.

Kutenga punje

Kilichochekechwa huoshwa kwenye meza ya mtikisiko, au kwenye karai kama wachenjuaji wa dhahabu wanavyofanya. Vumbi jepesi huenda na maji, na zirkoni yenye densiti ya 4.6 hadi 4.7 hubaki. Ukiosha kwa pupa unapoteza punje ndogo kwanza, na mara nyingine ndogo ndizo zenye habari. Yahifadhi maji ya kwanza kwenye ndoo mpaka uhakikishe umepata ulichokitaka.

Pitisha sumaku ya mkononi iliyofungwa kwa karatasi ili kuondoa magnetaiti na vipande vya chuma cha kinu. Kisha vimiminika vizito. Kimiminika cha tangsteni kinachoyeyuka majini, chenye densiti ya 2.85 hivi, huelesha kwazi na feldispari. Kioshwe kwa maji yaliyoondolewa madini pekee. Maji ya bomba yana kalsiamu, na kalsiamu huacha mashapo meupe ndani ya kimiminika kilichokugharimu fedha nyingi. Hatua ya pili ni diayodomethani, densiti 3.32. Apatiti huelea, zirkoni huzama. Hii huoshwa kwa asetoni, hutumika ndani ya kabati la kuvuta hewa tu, na chupa yake hukaa gizani kwa sababu mwanga huifanya nyeusi mpaka usione punje zinazozama. Ni sumu, na hupenya ngozi.

Kati ya vimiminika hivyo viwili huwekwa mashine ya sumaku ya Frantz, mkondo ukipandishwa hatua kwa hatua hadi kama ampea 1.5 au zaidi. Kwa graniti inasaidia sana, maana zirkoni zilizoharibiwa na mnururisho wa urani yake zenyewe huvutwa mapema, na zile safi hubaki mwisho. Kwa mchanga usifanye hivyo kwa ukali. Ukitupa zilizovutwa umetupa kwa upendeleo familia nzima za punje, na grafu yako ya umri itakosa kilele bila kueleza kwa nini.

Pairiti huzama pamoja na zirkoni na haivutwi na sumaku. Asidi ya nitriki iliyochanganywa na maji na kupashwa moto kidogo huiondoa. Huondoa na apatiti pia, kwa hiyo kama unaihitaji itenge kwanza.

Chini ya hadubini

Kuokota ni kazi ya shingo na subira. Punje humwagwa kwenye kisahani chenye ethanoli, zikaokotwa kwa sindano au koleo nyembamba, moja moja. Kwa graniti okota zilizo angavu, zenye ncha nzima, bila nyufa. Kwa mchanga kuokota kwa macho ni kujidanganya. Jicho hupenda kubwa na zenye rangi nzuri. Mimina punje bila kuchagua na upime kila unayoikuta. Kama unataka uhakika wa asilimia 95 kwamba hukukosa kundi lolote lenye angalau asilimia 5 ya punje, hesabu ya Pieter Vermeesch ya mwaka 2004 hudai punje 117. Idadi ya 60 iliyozoeleka zamani haitoshi kwa swali hilo.

Punje hupangwa kwa safu juu ya utepe wa gundi wenye pande mbili, ndani ya duara la milimita 25. Weka mashimo ya kulengea, yaani alama mbili au tatu kubwa zinazoonekana kwa jicho, kwa kuwa ndani ya mashine punje 200 hufanana. Mimina epoksi iliyoondolewa mapovu, iache ikauke kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, usiikimbize kwa joto. Kisha sugua kwa karatasi ya silikoni kabidi namba 1200 mpaka punje zifike nusu, halafu malai ya almasi ya mikromita 9, 3 na 1. Kila baada ya mizunguko michache osha na utazame. Punje ya unene wa mikromita 60 inakupa nafasi ya mikromita 30 tu, na leza bado inahitaji 15 za kuchimba. Ndiyo maana punje ndogo hazichanganywi na kubwa kwenye kitako kimoja, yaani duara moja la epoksi: zile kubwa zikifika nusu, ndogo zimekwisha.

Usiende kwenye leza bila picha za mwanga wa katodi. Hadubini ya elektroni huonyesha ndani ya punje moja kile ambacho nje hakionekani. Katikati kokwa ya mviringo, rangi ya kijivu kilichofifia, mistari yake imekatika ghafla ukingoni. Kuizunguka, mistari myembamba yenye pembe inayopishana kwa weupe na weusi, ambayo ni ukuaji ndani ya magma. Na nje kabisa pengine ukanda mweusi usio na mistari, wa mikromita 10, ulioongezwa na joto la baadaye. Hizo ni umri tatu. Duara la leza la mikromita 30 likiwekwa katikati ya kokwa na mistari litatoa umri wa nne, ambao haumhusu yeyote. Chora madoa yote ya leza kwenye picha zilizochapishwa ukiwa nyumbani, kabla ya siku ya mashine. Muda wa mashine hulipiwa kwa saa au kwa siku, na ndio gharama kubwa kuliko zote kwenye bajeti. Kuutumia kutafuta punje ni hasara.

Siku ya mashine

Mpangilio wa kawaida ni leza ya nanomita 193, doa la mikromita 25 hadi 35, mapigo 5 hadi 10 kwa sekunde, heliamu ya kubeba vumbi. Husomwa usuli, yaani ishara ya mashine kabla leza haijapiga, kwa sekunde 20 hadi 30, kisha huchimbwa kwa sekunde 30. Kila punje nane hadi kumi zizungukwe na zirkoni rejea ambayo umri wake umekwisha kujulikana, kwa mfano 91500 yenye miaka milioni 1,062 hadi 1,065 kutegemea uwiano unaosomwa. Pamoja nayo weka rejea ya pili ambayo huitumii kusahihisha, unaipima kama usiyemjua. Plešovice, yenye miaka milioni 337, inafaa. Ikitoka 337 ndani ya kosa lake, endelea. Ikitoka 348, simama hapo hapo. Hakuna hesabu ya baadaye itakayoirudisha siku hiyo.

Kaa utazame mstari wa ishara ukichorwa. Uwiano wa risasi 206 kwa urani 238 ukienda sambamba kisha ukaruka juu sekunde ya 15, leza imetoboa ganda ikaingia kwenye kokwa ya zamani. Kata sehemu ya kwanza uitumie peke yake kama ina urefu wa kutosha, la sivyo acha doa hilo. Mruko wa ghafla wa risasi 204, ambayo haizaliwi na urani, humaanisha ufa au uchafu. Hapo kuna mtego: gesi huwa na zebaki, na zebaki 204 hujifanya risasi 204, kwa hiyo zebaki 202 lazima isomwe ili kutoa sehemu yake.

Namba zikija

Chukua mfano. Uwiano wa risasi 206 kwa urani 238 ni 0.1. Ongeza moja, chukua logi asilia ya 1.1, gawanya kwa 0.155125, unapata bilioni 0.614, yaani miaka milioni 614. Kwa umri huohuo saa ya pili, risasi 207 kwa urani 235, inatakiwa isome 0.831. Zikilingana, nukta hukaa juu ya mkunjo wa konkodia, yaani mstari wa umri zote ambazo saa mbili hukubaliana.

Sasa punje hiyohiyo ipoteze asilimia 10 ya risasi yake hivi karibuni. Saa ya kwanza itasoma 556 na ya pili 567. Umekosea kwa takriban miaka milioni 58, lakini tofauti baina ya saa mbili ni 11 tu, na leza kwa kawaida ina kosa la kipimo la karibu asilimia 2, ambalo hapa ni hizohizo 11. Nukta itaonekana imekaa vizuri juu ya mkunjo. Huu ndio mtego mkubwa wa miamba ya umri huu: mkunjo ni mnyoofu kiasi kwamba kupoteza risasi hukuteleza sambamba nao. Kwa punje za miaka bilioni 2 na kuendelea nukta hutoka nje ya mkunjo wazi na kila mtu huiona. Kwa hiyo usiridhike kusema punje zinalandana. Tazama kama umri unapungua kadiri urani inavyoongezeka. Ukiona mwelekeo huo, punje zenye urani nyingi zimevuja, na wastani wa zote haumaanishi kitu.

Kwa umri wa chini ya miaka bilioni 1 hivi tumia uwiano wa 206 kwa 238. Juu ya hapo 207 kwa 206 ndio wenye nguvu. Chagua mpaka mapema na uutaje. Kuhamisha mpaka baada ya kuona namba ni kuchagua jibu.

Kishawishi cha kufuta nukta ndicho kigumu kuliko yote, na kinakuja wakati mbaya, fedha zimekwisha na msimamizi anasubiri. Kipimo cha mtawanyiko, MSWD, kikiwa karibu na 1 punje zinakubaliana. Kikiwa 6 haziwezi kuwa za tukio moja. Kufuta tano ili kishuke hadi 1.2 ni rahisi, programu kama IsoplotR ambayo ni ya bure itakuruhusu kwa kubonyeza tu. Futa kwa sababu unayoweza kuionyesha kwenye picha au kwenye mstari wa ishara: ufa, kokwa, risasi 204. Sababu ya kwamba "haiingii" haitoshi.

Jivu la volkeno la KBS, mashariki mwa Ziwa Turkana, linafundisha vizuri hapa. Mwaka 1970 lilipewa miaka milioni 2.61 kwa njia ya argoni, na kwa kuwa mabaki ya binadamu wa kale yalikuwa chini yake, namba hiyo ilisukuma nyuma umri wao wote. Sampuli ya mwanzo kabisa ilikuwa imetoa zaidi ya miaka milioni 200, dalili ya wazi kwamba punje za miamba ya kale zilikuwa zimechanganyikana humo. Mabaki ya nguruwe wa kale waliofukuliwa eneo hilo yaliwiana na tabaka za bonde la Omo zenye karibu miaka milioni 2. Ubishi uliendelea karibu muongo mzima mpaka vipimo vya fuwele zilizotengwa kwa uangalifu vilipotua kwenye 1.88. Nguruwe walikuwa sahihi tangu mwanzo, na waliowasoma walikuwa wameyasema hayo mapema.

Lini ulipe zaidi

Leza inatosha kujua kama graniti ni ya miaka milioni 600 au 750, au mchanga ulitoka wapi. Haitoshi kutenganisha matukio mawili yaliyopishana miaka milioni 3. Hapo punje zile zile hung'olewa kwenye epoksi, huokwa kwa nyuzi 900 kwa siku mbili au zaidi, kisha hulowekwa kwenye asidi ya hidrofloriki yenye joto la nyuzi 180 hadi 210 kwa saa kama 12. Asidi hula sehemu zilizovuja na kuacha zilizo nzima. Njia hii ilielezwa na James Mattinson mwaka 2005. Kilichobaki huyeyushwa na kupimwa kwa kosa la asilimia 0.1 au chini ya hapo, katika chumba ambacho risasi ya uchafu haizidi pikogramu moja. Ni ghali, punje tano au sita huchukua wiki, na asidi ya hidrofloriki haishikwi na mtu aliye peke yake wala bila jeli ya kalsiamu glukoneti karibu.

Unapoandika matokeo, weka jedwali la nukta zote, pamoja na ulizoziacha na sababu zake, umri ulioupata kwa rejea ya pili siku hiyo, thabiti za kuoza ulizotumia, na useme kama kosa ulilolitaja ni la sigma moja au mbili. Msomaji asipojua hilo la mwisho hawezi kulinganisha umri wako na wa mtu mwingine. Vitako vya epoksi usivitupe, wala mabaki ya unga mzito. Hafni iliyomo ndani ya punje hizohizo inaweza kupimwa pembeni mwa tundu la leza, na apatiti uliyoielesha bado ina kazi.